Trekta ya Barafu ya Abu Hamour

Hadija alinitembelea mwezi wa nne. Alitoka Kampala kwa basi, na kabla hajakaa kitini alikuwa ameshaanza kunitangaza mbele ya mafundi wangu. "Mnajua bosi wenu alikuwa nani kule Doha?" aliwauliza. Mafundi watatu waliokuwa wameinamia friji ya mwenye bucha wakainua vichwa. "Alikuwa anaendesha trekta juu ya barafu. Barafu, banange, katikati ya jangwa! Na wanawake wa Kiarabu wanampigia vigelegele." Mmoja wao, kijana wa mdomo sana, akauliza, "Madam, hiyo ni ya ukweli ama ni stori za majuu?" Nilimwambia amalize kwanza kujaza gesi ndipo aulize maswali. Lakini nilifurahi, nami si mtu wa kuficha furaha yangu. Karakana hii ya majokofu na viyoyozi hapa Kitale nimeijenga kwa mikono yangu. Wageni wakisoma jina kwenye ubao hudhani ni la mume wangu, kisha wanaingia na kunikuta mimi nimevaa ovaroli, nimeshika kipimo cha gesi. Wengi tuliokwenda Ghuba tulirudi na televisheni na masimulizi. Mimi nilirudi na ufundi, na ufundi huo naweza kusema niliupata hasa katika mwaka mmoja, ndani ya ukumbi mmoja, siku za Jumanne.

Nilikozaliwa na jinsi nilivyosomeshwa nitayaacha, kwa sababu hayakuulizwa na mtu yeyote kule nilikokwenda. Niliingia Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nikiwa na diploma ya uhandisi wa mitambo, upande wa majokofu na viyoyozi. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu, na mtihani wa mwisho niliwaacha wanaume wengi nyuma. Mkataba, hata hivyo, ulisema mlinzi. Miezi ya kwanza nilifungua geti la shamba moja huko Umm Salal, nikipungia mkono malori ya majani ya ngamia, jua likinichoma kupitia kofia. Siku za Ijumaa tulikwenda kanisani, na ndiko nilikowasikia wauguzi wawili Wakenya kwenye foleni ya chai, wasichana wazuri wenye vitambulisho vya hospitali vinaning'inia shingoni. "Huyo mrefu anasema ana diploma," mmoja alisema. Mwenzake akacheka. "Diploma ya kufungua geti?" Nilichukua chai yangu nikaenda kusimama mbali. Sasa nikiwaza naona walinisaidia. Kuna watu husukumwa na maombi. Mimi nilisukumwa na kicheko kile.

Nilihamishiwa Abu Hamour kwa sababu ukumbi mpya wa mtaa ulikuwa umefunguliwa, na ndani yake kulikuwa na uwanja wa barafu. Haukuwa wa wachezaji wakubwa. Ulikuwa wa watu wa kawaida: familia, wanafunzi, yeyote mwenye tiketi, wanaokodi viatu vyenye visu chini na kuzunguka huku wameshika ukingo. Kila Jumanne, kuanzia baada ya sala ya alasiri hadi magharibi, ulikuwa wa wanawake peke yao, na hapo ndipo walipohitajika walinzi wa kike. Walituchagua wawili, mimi na Hadija, Mwislamu wa Kampala mwenye maneno mengi kuliko redio. Tulikaa mlangoni kwenye meza yenye vikapu. Kila mwanamke alitoa simu yake tukaiweka kikapuni, kisha tukapekua mkoba kuhakikisha hakuna nyingine yenye kamera, maana ndani walivua abaya na mitandio, na hakuna aliyetaka picha yake itembee mjini. Simu zikiisha, komeo linafungwa. Baada ya hapo hakuna mwanaume aliyeingia, awe mudiri, yaani meneja wetu, awe fundi wa umeme, mpaka adhana ya magharibi. Hadija alikuwa na kawaida ya kunisukumia mkoba mzito kuliko yote na kusema, "Injinia, chunguza huu. Huenda una kompresa ndani."

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye jumba la zamani lililogawanywa kwa mbao, vitanda sita na pazia za leso. Ijumaa tulipika ugali kwa zamu, na kwa kuwa sukuma wiki ilikuwa adimu tulikaanga majani ya jarjir, machungu kidogo, tukajifariji kwamba ukifumba macho ni mboga ya nyumbani. Tulikula kwenye sinia moja, mimi nikifanya ishara ya msalaba na Hadija akisema bismillahi, na mazungumzo yalikuwa yaleyale: nani ametukanwa na bosi, nani ameona theluji kwenye simu. Kuna jambo moja la nyumba ile ambalo lazima nilieleze hapa. Doha kuanzia mwezi wa sita, matangi ya maji yanakaa juu ya paa na kuchemka kwa jua. Ukifungua bomba la maji baridi unaungua. Kwa hiyo kila mtu, tajiri na maskini, huzima hita ya bafuni. Maji yaliyomo ndani ya hita yanakaa kwenye kivuli na kiyoyozi, yanapoa, na bomba lenye alama nyekundu ndilo linalotoa maji ya kuogea. Mgeni hulijifunza hilo kwa siku moja na hulisahau akishapanda ndege ya kurudi. Sisi tulilifanya bila kufikiri, kama unavyovua viatu mlangoni.

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ule uwanja sikutazama weupe wake wala wasichana waliokuwa wakianguka na kucheka. Nilisikiliza. Nyuma ya ukuta kompresa ilikuwa ikiunguruma, na nilijua kabla ya kuambiwa na mtu kwamba valvu yake moja inachelewa kufunga. Nilimwambia msimamizi wa mitambo, Mfilipino wa makamo aliyeitwa Rommel, ambaye sote tulimwita Kuya, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao. Alinitazama kuanzia kofia hadi buti. "Umejuaje?" "Nimesomea," nikamwambia. Wiki iliyofuata aliifungua ile valvu, kisha akaja mlangoni akaniwekea kikombe cha chai ya karak mezani. Tangu siku hiyo alinisalimia kwa jina.

Shida ya Jumanne ilikuwa barafu yenyewe. Watu wakiteleza kwa saa moja na zaidi, visu vya viatu hukwangua, unga mweupe unajaa, mashimo yanatokea, kona zinakuwa na maji. Siku nyingine zote Kuya alisimamisha watu kidogo, akaingia na ile mashine kubwa ya kusawazisha, sisi tukiiita trekta, akazunguka nayo, na nyuma yake barafu ikabaki inang'aa kama kioo. Jumanne hakuweza kuingia. Walijaribu mara moja: wanawake wote walirudi kujifunika, watoto wakalia, nusu ya muda ikaisha, na wengi wakaapa hawatakubali tena. Basi nusu ya pili waliteleza juu ya mashimo. Umm Fahad, mama wa watoto sita aliyeanza kujifunza kuteleza akiwa tayari ana wajukuu, aliniambia siku moja huku akipangusa magoti, "Wanaume wanapewa kioo, sisi tunapewa barabara ya changarawe." Alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, akanipa tende tatu, akarudi uwanjani. Alikuwa haji kucheza. Alikuwa anakuja kujifunza kuachia ukingo.

Mwezi wa sita binti mmoja alikanyaga shimo akateguka mkono. Kesho yake nilikuwa kwenye korido ya chumba cha mitambo nikirudisha ufagio, na nikamsikia mudiri wetu, Ustadh Nabil, Mmisri mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoagiza kahawa, akiongea na Kuya upande wa pili wa mlango. "Jumanne ya wanawake khalas. Mwisho wa mwezi ujao naifuta. Mmoja akivunjika mguu ni mimi nitakayeulizwa. Na wale walinzi wawili wa kike warudi kwenye kampuni yao, wakapangiwe mageti." Kuya akasema kwa upole kwamba labda apatikane mwanamke wa kuendesha mashine. Mudiri alicheka kweli. "Mwanamke? Doha hii? Nimtoe wapi?" Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba najipenda mno. Siku ile kujipenda kuliniokoa, maana miguu ilitembea yenyewe. Nilisukuma mlango nikasema, "Hapa."

"Wewe ni sekyuriti," alisema mudiri.

"Mkataba ndio unaosema hivyo. Diploma inasema mengine."

"Ya Rodah, hii si friji ya jikoni."

"Ni friji, mudiri. Kubwa tu, na mlango wake hauna raba."

Kuya aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Mudiri alizungusha tasbihi yake kidogo, kisha akasema kama Kuya ataridhika nami, atanipa Jumanne moja ya kujaribu. "Moja. Ikiharibika, siku hiyohiyo ninabandika tangazo mlangoni." Hapo nilijua nilichoshika mkononi: siku ya wale mama wote, kazi ya Hadija ambaye hata hakuwa amenituma, na nafasi pekee niliyowahi kupewa ya kuitwa kwa kile nilichosomea.

Nilijifunza asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, ukumbi ukiwa mtupu na pumzi zetu zinafuka. Kuya hakuwa mwalimu wa maneno. "Usiharakishe, sista. Barafu inaona haraka yako." Alinionyesha kisu kipana kinachokwangua safu ya juu, parafujo inayozoa unga, na kitambaa kizito kinachoburutwa nyuma kikimwaga maji. Maji hayo, alisisitiza, lazima yawe ya moto kabisa. Yanayeyusha michubuko na kushikana na barafu ya zamani, yanaganda yakiwa kitu kimoja. Yakiwa vuguvugu yanaganda juu juu, kama ngozi juu ya maziwa, na ngozi hiyo haidumu. Nilielewa upesi, na sitajifanya kwamba ilikuwa ngumu. Kitu kilichonishinda ni kona ya tatu, karibu na jukwaa, ambapo usukani ulitaka kukatwa mapema kuliko macho yanavyokuambia. Nilipougonga ukuta wa mbao mara ya kwanza, Hadija alikuwa amekaa jukwaani na blanketi mabegani. "Eh! Injinia wa mikoba amebisha hodi!" alipiga kelele. "Mfungulieni!" Baada ya wiki tatu Kuya alipita juu ya barafu yangu, akainama, akaiangalia kwa tochi, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Jumanne yenyewe iliangukia katikati ya mwezi wa saba. Nje hewa ilikuwa kama mdomo wa tanuri. Asubuhi Hadija alitoka kwenye choo cha wanawake cha ukumbi akilalamika kwamba maji ya kutawadhia, ya bomba la baridi, yamemuunguza mikono hadi kiwiko. Nikapita koridoni, nikaona swichi ya hita imewashwa, taa nyekundu inawaka, katika mwezi wa saba! Nikaizima bila hata kusimama. Nilifikiri nimemfanyia rafiki yangu wema. Saa za mchana nilikuwa nimeshasahau kwamba niliigusa. Baada ya alasiri tukakusanya simu, nikafunga komeo, nikamwachia Hadija meza, nikavaa glavu nene na koti la Kuya lililonifika magotini. Ulipofika wakati wa mapumziko nilijaza tangi la mashine kutoka bomba lake, lile lenye alama nyekundu, kama nilivyofanya kila asubuhi. Kisha nikafungua lango la mbao nikaingia uwanjani.

Nimepata mambo mengi maishani tangu siku hiyo, lakini sijapata tena ukimya kama ule. Wanawake zaidi ya hamsini walisimama ukingoni, wengine midomo wazi, watoto wamebebwa mabegani ili waone. Nilizunguka taratibu. Kila mzunguko ulilalia ule uliopita kidogo, na nyuma yangu weupe uliochakaa uligeuka kioo. Mtu mmoja alianza vigelegele, vikapokewa ukumbi mzima, vile virefu vya arusini kwao, na nilikaa wima kwenye kile kiti kama mtu aliyezaliwa juu yake. Hadija aliacha meza yake kabisa. "Huyo ni dada yangu!" alikuwa akiwaambia watu wasiojua Kiswahili hata kidogo. "Huyo tunalala chumba kimoja!"

Dakika kumi baadaye ile barafu ilianza kubambuka. Ilitoka vipande vipande, myembamba, kama chapati inavyoachana tabaka. Msichana mmoja alijikwaa kwenye kipande akakaa chini kwa kishindo. Hakuumia, lakini nilisikia mguno wa wote. Nilipiga magoti nikavua glavu, nikainua kipande kimoja. Chini yake barafu ya zamani ilikuwa na michubuko yake yote, haijaguswa. Maji hayakuwa ya moto. Na nikiwa pale magotini niliiona swichi, na mkono wangu mwenyewe ukiizima. Bomba la mashine na bomba la choo cha wanawake yalikuwa yanatoka kwenye hita moja, na glavu zilikuwa nene mno, sikuhisi kitu wakati wa kujaza.

Redio ya mkononi ikakoroma. Mudiri alikuwa nje, na mtoto wa mtu alikuwa ameshampenyezea habari mlangoni. "Rodah. Funga. Toa watu." Umm Fahad, aliyekuwa amefika nilipo kwa kushika ukingo, alinyoosha mkono, akaichukua ile redio, akabonyeza. "Ya Nabil," alisema, "sisi tumekaa tunakunywa chai. Chai ikiisha tutateleza." Akanirudishia. Kisha akawageukia wenzake akasema maneno mawili matatu, na nikaona wanawake wote wale, mmoja mmoja, wanaketi jukwaani, wanajitupia abaya mabegani kwa baridi, wanafungua chupa za karak na makopo ya biskuti. "Dakika ngapi?" aliniuliza. Nikasema nusu saa. Hita ilihitaji saa mbili kuchemka. Nilijua hilo vizuri sana. Lakini nilijua pia kitu kingine. Juu ya paa kulikuwa na tangi lililokuwa likichemshwa na jua tangu alfajiri, na bomba la maji baridi, lile lililomuunguza Hadija, lilikuwa linatoka humo moja kwa moja.

"Hadija, kuna mapipa mawili ya chai kwenye mkahawa. Ya umeme. Chemsha maji matupu, yote mawili, uniletee."

"Mimi? Na hizi simu?"

"Simu hazina miguu. Kimbia!"

Alikimbia. Mimi nilianza kukwangua ile ngozi mbovu kwa kisu cha mashine, mizunguko mitano, kavu, hadi barafu ya zamani ikabaki uchi. Nikalijaza tangi upya kwa maji ya jua, nikiwa nimevua glavu safari hii, nikipima kwa mkono mtupu hadi nikashindwa kuustahimili. Hadija na mwanamke mmoja wa Kisudani, mgeni tu aliyekuja kuteleza, walisukuma mapipa kwa kigari cha vyombo, tukamimina ndoo baada ya ndoo ya maji yanayochemka. Mvuke ulijaa hadi hatukuonana. "Injinia, tunapika barafu ama tunapika pilau?" Hadija aliuliza akihema. Niliingia uwanjani mara ya pili, na safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa wameshika vikombe wananitazama. Nilipomaliza nilisubiri robo saa, nikapita kwa buti, nikapiga kisigino kwa nguvu kila baada ya hatua tatu. Haikubambuka. Nilimwashiria Umm Fahad. Aliweka kikombe chini, akashuka, akasimama kwenye kioo kile peke yake, akaachia ukingo. Alikwenda mita kumi, labda kumi na mbili, mikono imetanuka, hadi katikati ya uwanja ambako hakukuwa na kitu cha kushika. Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka kwa vigelegele.

Waliteleza hadi mwisho. Walipokwisha kuvaa na kuchukua simu zao niliisawazisha barafu tena, maana Kuya alinifundisha kutoacha uwanja mchafu, na adhana ilipoita nikafungua komeo, akina mama wakatoka. Mudiri aliingia na Kuya nyuma yake. Hakuna mwanaume aliyeniona nikifanya kazi ile Jumanne ile, wala Jumanne za baadaye, hata mwalimu wangu. Kuya alichuchumaa akawasha tochi, akaifuata mistari yangu kama mtu anayesoma barua. "Kona ya tatu uliogopa," alisema. Nikasema ndiyo, niliogopa. "Kwingine, safi."

Mudiri hakuinama. "Kwa nini ilibambuka mara ya kwanza?"

"Maji yalikuwa vuguvugu. Hita ilikuwa imezimwa."

Akamgeukia Kuya. "Hita ni kazi yako. Kuizima na kuiwasha ni kwako. Hili naliandika, Rommel."

Kuya alinitupia jicho mara moja, na nikaona ameshajua. Alitazama buti zake. Alikuwa na watoto wawili chuoni huko kwao, na alikuwa tayari kulibeba lile jambo kwa ajili yangu. Ningeweza kumwachia. Barafu ilikuwa imeshika, akina mama walikuwa wameondoka wakicheka, ushindi ulikuwa wangu na hakuna ambaye angeniuliza. Mimi hupenda sifa, sikatai, ila nazipenda zikiwa zangu zote, pamoja na kasoro zake.

"Ni mimi niliyeizima, mudiri. Asubuhi, nikipita."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mwezi wa saba."

Tasbihi ilisimama vidoleni. Alitazama kule koridoni, akaitazama barafu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akitumia sauti ndogo. "Hata nyumbani kwangu imezimwa," alisema. Kuya alikohoa ili asicheke. Hadija, aliyekuwa akijifanya anakunja kitambaa cha meza, hakujaribu hata kukohoa; alicheka wazi, hadi akakaa chini.

Mudiri alingoja amalize. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akatafuta karatasi, asiione, akaandika nyuma ya tiketi. "Swichi ile iwekewe kifuniko na kufuli," alisema akiandika. "Ufunguo mmoja kwa Rommel, mmoja kwa Rodah. Na Jumanne ijayo uingie saa moja mapema, upime maji kwa kipimo, si kwa mkono." Alisema "Jumanne ijayo" kama mtu anayesema kesho kutakucha, akatoka zake kwenda kusali. Mimi nilibaki palepale nimeshika ukingo kwa mikono miwili, na haikuwa kwa sababu ya utelezi.